DEREVA ASIYEONEKANA NDANI YA KOMPYUTA ZA MPAKANI

Askari aliyepata kusimama zamu Busia au Malaba hana haja ya kuelezwa maana ya neno dereva. Mchana kutwa na usiku kucha malori hupita mbele yake yakitoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na mashariki ya Kongo, na kila lori lina mtu wake aketiye nyuma ya usukani. Hata jina la boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika ya Mashariki nzima, lasemekana kuwa lilizaliwa katika mpaka huu, wakati vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Lakini katika vituo hivyo hivyo yupo dereva wa namna nyingine, asiyekula, asiyelala wala asiyeombwa leseni, naye akikosekana msururu wa malori hurefuka vile vile. Huyo ni dereva wa kompyuta. Makala haya yanamhusu yeye, na hasa namna anavyoundwa na kuingizwa kazini bila mashine nzima kuzimwa.

Tangu tarehe 24 Februari 2018, Marais Museveni na Kenyatta walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, msafiri hukaguliwa upande mmoja tu wa mpaka, na maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mpango huo umeongeza mashine mezani kuliko zamani. Ipo ya kusoma pasipoti, ipo ya kuchukua alama za vidole, ipo kamera, zipo mashine za kuchapa stakabadhi. Mzigo nao una mizani yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 kuhusu uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, na kikomo kingine kwa kila ekseli. Ndiyo maana lori litokalo mpakani likipita Busitema, katika Wilaya ya Busia, kwenye barabara iendayo Iganga kutoka Tororo, hukuta mizani ikilingoja.

Na tuichukue mizani hiyo kuwa mfano wetu, kwa sababu ni chombo ambacho polisi na askari wote wamekiona. Chini ya bamba la chuma ambalo lori hulikanyaga mna vipande vinavyobonyea kidogo mno kwa uzito na kutoa umeme kidogo kwa kadiri vilivyobonyea. Umeme huo hupelekwa kwenye kisanduku chenye tarakimu, nacho hutuma hesabu kwa waya hadi kwenye kompyuta. Mizani nyingi za aina hii hutumia waya wa mtindo wa zamani, wenye plagi ya pini 9, uliobuniwa wakati ambapo kompyuta bado zilikuwa na tundu la namna hiyo. Kompyuta za siku hizi hazina. Kwa hiyo fundi hununua kiunganishi kidogo, kifupi kuliko kidole, ambacho upande mmoja chaingia katika pini 9 na upande wa pili chaingia katika tundu la USB. Ndani ya kiunganishi hicho mna kijipande cha elektroniki chenye lugha yake. Kompyuta isiyokuwa na mtu wa kuifasiri lugha hiyo itabaki kimya, ingawa tarakimu zinawaka mbele ya macho ya kila mtu.

Hapo jambo dogo la ufundi lageuka kuwa jambo la usalama. Kompyuta isiposoma, mtu huandika kwa mkono. Na baina ya hesabu iliyoonekana na hesabu iliyoandikwa pana nafasi ya kutosha noti kupita. Askari aliyepata kulinda barabara kuu anajua kwamba magendo hayahitaji lango kubwa, yahitaji tu mahali ambapo kumbukumbu inategemea kalamu ya mtu mmoja aliyechoka saa nane za usiku.

KIINI NA MAKAO MAKUU

Kila kompyuta ina mfumo wa uendeshaji, na katikati ya mfumo huo mna sehemu iitwayo kiini. Programu nyingine zote, ziwe za kuandikia barua, za forodha au za uhamiaji, haziruhusiwi kugusa chombo chochote moja kwa moja. Zinatuma maombi, kiini kinatoa amri. Ni sawa na kombania isiyoweza kujichukulia petroli kutoka ghala la brigedi mpaka makao makuu yaidhinishe. Dereva ni fungu la maelekezo lililomo ndani ya kiini lenyewe, linalojua namna ya kusema na chombo cha aina fulani: linajua anwani zake, mwendo wake wa kutuma na kupokea, na namna ya kukitambua kikiharibika.

Katika mifumo ya zamani ya jamii ya Unix, madereva wote walikuwa wamejengewa ndani ya kiini tangu mwanzo. Ukinunua chombo kipya, fundi alipaswa kukiunda upya kiini kizima, kisha azime mashine na kuiwasha tena. Hebu fikiri batalioni inayorudishwa yote chuoni kwa sababu imeongezewa fundi umeme mmoja! Njia ya pili ilikuwa kuweka ndani ya kiini kila dereva anayeweza kuhitajika, na hiyo nayo ilikula kumbukumbu ya mashine bure, wakati kumbukumbu ilikuwa ghali.

Ufumbuzi uliopatikana ni moduli, yaani dereva anayewekwa kando katika faili lake, akiitwa tu wakati wa haja na kuondolewa haja ikiisha, huku mashine ikiendelea na kazi. Mfumo wa Linux, ambao ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, uliipokea njia hii, nayo ilikuwa sehemu ya toleo la 1.2 lililotolewa Machi 1995. Leo zaidi ya nusu ya maandishi yote ya kiini cha Linux ni madereva, lakini katika mashine moja ni wachache tu walio kazini. Waliobaki wamo diskini, kama askari wa akiba walio majumbani mwao, majina yao yakiwa katika daftari.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walionyesha mwaka 2004 kwamba programu za ofisi zaweza kusema Kiswahili sanifu. Katika istilahi za kompyuta wapo wanaomwita dereva huyu kiendeshi, nami sina ugomvi nao. Hata hivyo nashikilia dereva, kwa kuwa pale Malaba neno hilo halihitaji kamusi.

NAMNA MODULI INAVYOUNDWA

Moduli huandikwa kwa lugha ya C, na moduli ndogo kabisa haizidi mistari 20. Hapana budi iwe na kazi mbili. Ya kwanza huitwa mara moduli inapoingia: inaripoti kwa kiini, inataja vyombo inavyoviweza, na kuomba nafasi ya kumbukumbu. Ya pili huitwa moduli inapotoka: inarudisha kila ilichoazima. Anayeandika ya kwanza kwa bidii na ya pili kwa uvivu atakuwa na moduli inayoacha deni kila itokapo, na baada ya siku kadhaa mashine itaanza kusuasua pasipo mtu kujua sababu. Desturi ya kukabidhi bunduki na risasi kabla ya kuondoka lindoni ingewafaa sana waandishi wa programu.

Pamoja na maandishi hayo huwekwa faili fupi la maelekezo, ambalo mstari wake wa maana ni mmoja tu: "obj-m += mizani.o". Maana yake ni kwamba kitu kiitwacho mizani kiundwe kama moduli ya kando, kisichanganywe na kiini. Kisha fundi hutoa amri hii:

make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules

Amri hiyo inaiambia mashine iende kwanza mahali ambapo maelezo ya kiini kinachotumika sasa yamehifadhiwa, ijifunze umbo lake, ndipo irudi kuiunda moduli kwa kulifuata umbo hilo. Matokeo yake ni faili lenye kikomo cha "ko". Fundi akitaka kuliingiza kwa mkono hutumia amri "insmod". Akitaka kuona waliomo kazini hutumia "lsmod". Akitaka kumwondoa mmoja hutumia "rmmod", nayo itamkatalia ikiwa moduli hiyo bado inatumiwa na programu au moduli nyingine. Kwa kazi ya kila siku amri iliyo bora ni "modprobe", kwa sababu yenyewe hutazama kwanza daftari la mategemeo. Katika mfano wetu wa mizani, dereva wa viunganishi vya kampuni ya FTDI huitwa ftdi_sio, naye hawezi kufanya kazi bila mwenzake wa msingi aitwaye usbserial. Ukimwita wa kwanza kwa "modprobe", wa pili atatangulizwa bila kuambiwa. Daftari hilo huandikwa na amri ya "depmod", na fundi aliyeongeza moduli mpya akasahau kuitoa amri hiyo atashangaa kwa nini "modprobe" inadai kwamba moduli haipo, hali yeye anaiona kwa macho yake.

Kwa kawaida, lakini, mtu haamrishi lolote. Kila chombo cha USB kinapochomekwa hutoa namba zake mbili, moja ya kampuni iliyokitengeneza na nyingine ya aina ya chombo, kama askari atajavyo namba yake ya jeshi na kikosi chake. Kiini hutangaza namba hizo, daftari hutazamwa, moduli yenye namba hizo huitwa, na baada ya muda mfupi huonekana katika mfumo mahali papya pa kusomea, kwa jina la ttyUSB0. Kuanzia hapo programu ya mizani yaweza kusoma tani.

RELI YA KIPIMO KIMOJA

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: moduli iliyoundwa katika kompyuta moja kwa nini hukataliwa na kompyuta nyingine, ilhali zote mbili ni za Linux? Jibu lake lipo katika stesheni ya Malaba. Behewa litokalo Kenya huvuka na kufika Tororo bila taabu kwa sababu reli ya zamani ya nchi zote mbili ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya Kenya, iliyofunguliwa mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi na kufikishwa Naivasha mwaka 2019, ina upana wa milimita 1,435. Behewa la reli hiyo haliwezi kukanyaga njia ya Malaba hata kama rangi na umbo lake vyafanana na la zamani. Kontena hubidi lihamishwe.

Ndivyo ilivyo kwa moduli. Ndani yake hupigwa chapa ya kiini kilichotumika kuiundia, na kiini huisoma chapa hiyo kabla ya kufungua mlango. Iliyoundwa kwa kiini cha 5.15 haikubaliki katika cha 6.8. Si ukaidi. Kiini hubadilika ndani yake kutoka toleo hata toleo, na moduli inayodhani kwamba kitu fulani kiko mahali fulani ingeweza kuandika juu ya kumbukumbu ya kitu kingine kabisa. Fundi mwenye pupa aweza kulazimisha moduli iingie kwa nguvu. Mimi ningemnyang'anya ufunguo wa chumba.

Kwa hiyo mwenye maandishi asilia ya dereva ana uhuru ambao mwenye faili lililokwisha kuundwa hana. Wa kwanza anaunda upya kwa kiini chochote, pale pale Tororo, kwa dakika chache. Wa pili anangoja muuzaji. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI ilitoa dereva mpya kwa mfumo wa Windows ambaye, alipokutana na kijipande cha bandia kilichoiga cha kampuni hiyo, alikifutia namba yake ya aina na kuifanya sifuri, hata kisitambulike tena. Wengi waliokumbwa hawakujua kuwa walikuwa na vitu vya bandia, kwa sababu kiunganishi hakiandikwi usoni kuwa ni cha wizi. Kampuni ilikuwa na haki ya kulinda jina lake, lakini kuvilemaza vyombo vya watu wasio na hatia kwa njia ya dereva ni kama kumtuma mlinzi wa ghala akapige matairi misumari. Upande wa Linux, ambako dereva yuko wazi, aliongezwa mara moja mstari wa kuitambua hata hiyo namba ya sifuri, na viunganishi vilivyolemazwa vikafufuka.

LANGO NA MUHURI

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Ofisa wa Kenya anayefanya kazi upande wa Uganda katika kituo cha pamoja ana eneo lake na mipaka ya madaraka yake kwa sheria. Moduli haina mipaka hiyo. Ikiisha kuingia ndani ya kiini ina madaraka yote ya kiini: yaweza kusoma kumbukumbu yote, kuficha mafaili, hata kuwadanganya wanaouliza orodha ya waliomo. Ikikosea, haianguki peke yake, huangusha mashine nzima.

Tarehe 19 Julai 2024 dunia iliona mfano. Programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, yenye dereva wake ndani ya kiini cha Windows, ilipelekewa faili la taarifa lenye kasoro. Dereva alipolisoma alianguka, na kompyuta zipatazo milioni 8.5, kwa hesabu ya Microsoft, zilianguka pamoja naye. Ndege zilibaki viwanjani na hospitali zikaahirisha kazi. Kwa mashine nyingi hapakuwa na dawa ila mtu aende kwa miguu mbele ya kila moja, aiwashe kwa njia ya dharura na kulifuta faili hilo kwa mkono. Hapakuwa na adui. Lilikuwa kosa tu.

Palipo na adui mambo huwa mabaya zaidi. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010 na kilichoshambulia mitambo ya nyuklia ya Iran, kilitumia madereva waliokuwa na sahihi za kampuni mbili halali za Taiwan, Realtek na JMicron, ambazo hati zao za siri zilikuwa zimeibwa. Mashine ziliona muhuri halali, zikafungua lango. Agosti 2020 taasisi za Marekani, NSA na FBI, zilieleza habari za Drovorub, programu ya ujasusi yenye moduli ya kujificha ndani ya kiini cha Linux, zikidai kuwa ilikuwa kazi ya idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi. Ushauri wao wa kwanza ulikuwa kutumia kiini cha toleo la 3.7 au jipya zaidi, ambamo kiini chaweza kuamriwa kukataa moduli isiyo na sahihi inayotambulika.

Sahihi hizo hufanya kazi kwa funguo mbili, moja ya siri ya kutilia sahihi, nyingine ya wazi ya kuhakikishia. Kituo kinachojiundia moduli zake chaweza kuwa na funguo zake. Ufunguo wa wazi huandikishwa katika mashine, na katika mpango unaotumika sana uandikishaji huo hukamilishwa wakati mashine inawashwa, na mtu sharti awe ameketi mbele ya kioo na kuandika neno la siri. Hauwezi kukamilishwa kwa waya kutoka mbali, na hilo ni jambo jema. Ufunguo wa siri ndio wa kulindwa kama silaha: usikae katika mashine ile ile inayolindwa, wala mfukoni mwa fundi anayepanda teksi kurudi nyumbani.

Lipo na komeo la mwisho. Mashine ikiisha kuwaka na moduli zote zinazohitajika kuingia, amri moja ya kuweka "kernel.modules_disabled" kuwa 1 hufunga lango kabisa. Tangu hapo hakuna moduli iingiayo wala itokayo, hata kwa amri ya mkuu wa mfumo mwenyewe, mpaka mashine iwashwe upya. Kwa mashine ambayo vyombo vyake havibadiliki, kama ile ya mizani, sioni sababu ya kuliacha komeo hilo wazi. Ila fundi akumbuke kwamba kiunganishi kikiharibika na kubadilishwa kwa cha kampuni nyingine, dereva wake mpya hataweza kuingia bila kuizima mashine.

Jambo moja la kazi limebaki. Mifumo mingi hujiongezea kiini kipya yenyewe usiku, kwa ajili ya kuziba matundu ya usalama. Madereva waliotoka pamoja na kiini huja wapya nao, lakini ile moduli iliyoundwa kituoni haimo. Ipo programu iitwayo DKMS, iliyotolewa na kampuni ya Dell mwaka 2003, ambayo huyahifadhi maandishi ya moduli na kuiunda upya kila kiini kinapobadilika. Nayo huhitaji maelezo ya kiini kipya yawepo diskini, na mahali ambapo mtandao hukatika inafaa yapakuliwe mapema pamoja na kiini chenyewe. Aidha kiini cha zamani kisifutwe upesi. Zamu ya alfajiri ikikuta mizani imenyamaza na malori yamepanga mstari, fundi huiwasha mashine upya, huchagua kiini cha jana katika orodha, na lori la kwanza hupanda bambani. Moduli ya kiini kipya huundwa mchana, msururu ukiisha kupungua.